Sala ya Kukandia Unga

Katika chumba kile cha kuokea mikate hapakuwa na saa. Palikuwa na meza ndefu ya mbao iliyochubuka katikati kwa kukwanguliwa miaka na miaka, magunia ya unga yaliyopangwa juu ya mbao ili yasinyonye unyevu, dirisha dogo la kuuzia, na tanuri la matofali ambalo mdomo wake ulikuwa uani na tumbo lake limeingia ndani ya ukuta. Kilichopima muda pale kilikuwa sala.

Sala yenyewe aliitunga mama mkwe wa Mama Tanuri, aliyeanzisha kazi ile akiwa mjane kijana, na saa hana. Ilikuwa na sentensi sita. Kwa kila sentensi unalisukuma donge la unga kwa viganja, unalikunja, unaligeuza. "Bwana, mikono hii ni yako." Sukuma, kunja, geuza. "Unga huu ni wako." Sukuma, kunja, geuza. "Moto huu ni wako. Watakaokula unawajua. Utakaloleta leo, tumelipokea. Tusiaibike mbele yako wala mbele ya watu." Ukifika hapo unachukua harage moja kutoka kwenye kikombe cha bati, unalitupia kwenye kisahani, unaanza upya. Kikombe kikiisha, unga umeiva mkononi. Unaufunika kwa kitambaa, unauacha uumuke. Maharage yale hayakuwahi kubadilishwa. Yalikuwa yameng'aa kwa kushikwashikwa mpaka mgeni akiyaona anadhani ni shanga.

Mama mkwe alipozeeka alimwachia mwanawe meza, na mkwewe akamwachia moto. Ndivyo wale wawili walivyopata majina yao mtaani: mume akawa Mkandaji, mke akawa Mama Tanuri. Mama Tanuri alijaribu kukanda siku za uchumba wake akashindwa. Donge lilimganda mpaka kwenye viwiko. Lakini kwenye moto hakuwa na mpinzani. Alikuwa akirusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri, anautazama unavyobadilika rangi, basi anajua kama aingize mikate au asubiri. Asubuhi zote za ndoa yake zilikuwa hivyo: yeye uani na kuni zake, na sauti ya mumewe ikija kupitia ukutani, sentensi kwa sentensi, na mlio mdogo wa harage kwenye kisahani.

Asubuhi aliyoanguka Mkandaji, Mama Tanuri alikuwa ameinama akipuliza moto. Alimsikia akisema, "Utakaloleta leo, tumelipokea." Kisha akasikia kishindo kama cha gunia lililoteleza. Harage halikuanguka.

Hospitali walimtibu walivyoweza. Alirudi nyumbani upande wa kulia umepooza na kinywa kimekwenda mrama. Alikuwa anaelewa yote anayoambiwa. Macho yalikuwa yale yale ya utani. Lakini alipotaka kusema kitu kilitoka "aa" tu. Akitaka maji, aa. Akitaka kugeuzwa, aa. Akimwita mkewe, aa.

Kanisa halikumtupa. Mchungaji alikuja na mafuta. Jirani yao, ambaye watu walimpachika jina la Mama Redio kwa sababu haijulikani anazimwa wapi, aliwakusanya kina mama wakafunga na kuomba mpaka sauti zikawakauka. Mama Tanuri aliomba nao. Aliomba akikoroga uji, aliomba akifua mashuka. Wiki zikapita, kinywa kikabaki pale pale.

Tanuri nalo halingeweza kuachwa. La aina ile likilala baridi muda mrefu linapasuka, na mtaa ulikuwa umeanza kutafuta mikate kwingine. Binti yao wa mwisho, Kitinda, aliyekuwa ameajiriwa kushona sare za shule, akaacha cherehani akarudi kumsaidia mama yake. Wakapanga: Kitinda ajifunze moto, mama ashike meza.

"Mama, wewe si huwa unagandwa?" Kitinda aliuliza.

"Nitagandwa mpaka unga wenyewe uchoke."

Siku ya kwanza walimleta Mkandaji kwenye kiti chake cha mikono, wakamweka karibu na mlango, kwa maana chumbani peke yake alikuwa ananung'unika. Mama Tanuri akanawa, akafunga kilemba, akamimina maharage kikombeni, akaanza. Mikono hii ni yako. Unga huu ni wako. Moto huu ni wako. Watakaokula unawajua.

Hapo mdomo ukafungika. Si kwamba alisahau. Alimtazama mumewe, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha kuazima, udenda ukimtoka, akaona hawezi. Akavuka akaenda moja kwa moja kwenye sentensi ya mwisho, akatupa harage.

Alipomaliza, Kitinda akiwa uani, alisema na Mungu wake huku akikwangua meza. Hakupiga magoti, wala hakupandisha sauti. "Bwana, tusidanganyane. Hata mwenye duka pale kona hapokei mkate wangu kabla hajaubonyeza. Huyu mtu wako alikuwa anapokea kila siku bila kubonyeza, na wewe unajua ulichomletea akiwa na neno hilo mdomoni. Mikono nimekubali ni yako. Moto ni wako. Lakini sentensi ile mimi siisemi. Nitaisema siku atakayofungua kinywa chake."

Baada ya hapo akawa hivyo kila asubuhi. Kanisani alikwenda, akakaa kwenye benchi lake, akaimba. Hakuna aliyejua. Lakini yeye alijijua. Sala aliyofundishwa akiwa mwali ilikuwa na shimo, na kila alipofika kwenye shimo lile alikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakosa kidato. Alijiuliza kama mtu anaweza kubaki Mkristo wa sentensi tano. Hakuwa na wa kumuuliza.

Tena kukawa na kero nyingine. Kila asubuhi, katikati ya kukanda, Mkandaji alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Pa! Anatulia. Muda kidogo, pa!

"Unataka maji?"

Anatikisa kichwa, hapana.

"Joto? Nikusogeze?"

Hapana.

"Nzi?"

Hapana, tena kwa hasira.

"Basi tulia, mume wangu, utanipotezea hesabu ya maharage."

Mikate nayo ikaanza visa. Ilitoka tanurini na rangi nzuri, maana moto ulikuwa wa kufundishwa na yeye mwenyewe, lakini ndani ilikuwa mizito, imebanana. Mama Tanuri alibadilisha hamira. Akalaumu unga. Akalaumu maji ya bomba. Akahamisha donge lisiumukie karibu na dirisha, akidai upepo unaingia. Watoto wa shule waliokuwa wakipita kununua jioni wakaanza kupita bila kugeuza shingo.

Mwenye duka wa pale kona, mnunuzi wake wa zamani, alifika mwenyewe dirishani, mkate mkononi.

"Mama Tanuri, shikamoo."

"Marahaba. Leo umekuja na mkate badala ya kuja kuchukua mkate?"

"Nimeuleta uusalimie." Akaugonga kwenye fremu ya dirisha, ukalia ko, ko. "Unasikia? Umeniitikia. Jana mmoja umeniponyoka kaunta ukamwangukia paka. Mpaka sasa hajarudi nyumbani."

Mama Tanuri alicheka kwa sababu ilibidi. "Nivumilie. Mkono bado mgeni."

"Nakuvumilia, mama. Nimekula mkate wa nyumba hii tangu sijaota meno. Lakini wateja wangu si wajukuu zako. Watanikimbia."

Alipoondoka, Kitinda aliingia, akaegemea mlangoni na jivu lake usoni. Alikuwa amesikia. Kesho yake hakuanza na moto. Alikaa juu ya gunia, akamtazama mama yake akikanda, kimya, kama mtu anayetafuta uzi uliokatika kwenye mshono.

"Mama."

"Unanitazama kama mwizi. Kuna nini?"

"Bibi alipokuwa ananifundisha sala hii nilikuwa mdogo, nakaa hapa hapa juu ya gunia. Alisema donge linageuzwa mara sita ndipo harage moja. Wewe unageuza mara tano."

Mama Tanuri hakuinua kichwa. "Nimezeeka, nasahau."

"Hujasahau. Kila ukifika pale unameza mate, halafu unaendelea."

Kutoka kwenye kiti, kiganja cha kushoto kikapiga: pa!

"Na wewe baba usituingilie," Mama Tanuri alisema. Kisha akaegemea meza kwa mikono yote miwili, akamweleza binti yake, kwa maneno machache, akiwa amempa mumewe mgongo. Alipomaliza alingoja kukemewa. Kitinda alikuwa mtu wa kanisa, alikuwa anaimba kwaya.

Kitinda alijifuta jivu puani. "Basi donge linakosa mgeuzo mmoja kwa kila harage. Mpaka kikombe kiishe, ni kukanda kwingi kunakosekana. Ndiyo maana mikate ni mawe." Akaingia jikoni, akarudi na konzi ya maharage mapya, akayamwaga kikombeni. "Kanda mpaka na haya yaishe."

"Ni hivyo tu?"

"Kwa habari ya mikate, ni hivyo tu. Hilo lingine ni lako na Mungu, mama. Mimi ni fundi cherehani."

Siku ile mikate ilipanda kama zamani. Mwenye duka alibonyeza mmoja, ukarudi juu polepole, akaubusu. Akasema paka amesharudi. Watoto wa shule wakapanga foleni tena.

Ungedhani Mama Tanuri atafurahi. Alifurahi mchana mmoja. Kisha akaona kitu ambacho hakukitarajia: mkate haukuwa unamdai ile sentensi. Siku zote mikate ilipokuwa mibaya, kichinichini alijiambia kwamba Mungu anamvuta sikio, na mtu anayekuvuta sikio walau yuko karibu nawe. Sasa alijua kwamba lilikuwa jambo la mgeuzo, na konzi ya maharage ililimaliza. Angeweza kukanda hivyo mpaka kufa, mikate ikawa mizuri, watu wakashiba, na shimo likabaki. Hilo ndilo lililomtisha.

Mchungaji alipita kununua mkate wa watoto wake. Alikuwa mtu mrefu, akiongea dirishani ilibidi apinde mgongo. Mama Tanuri akajikuta amesema, "Mchungaji, naja kanisani, lakini ni kama nimekaa sebuleni kwa mtu tuliyenuniana."

Mchungaji aliubana mkate kwapani. "Na yeye anajua kwamba umenuna?"

"Nimemwambia mwenyewe. Mdomo kwa mdomo."

"Basi endelea kuja. Aliyenuna kweli kweli haendi hata sebuleni." Akataka kuongeza neno, akaona hana, akaaga. Mama Tanuri alimshukuru baadaye kwa lile neno ambalo hakuongeza.

Asubuhi iliyofuata kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa uani, Kitinda anakohoa, na Mama Tanuri alikuwa hajalala vizuri kwa sababu ya kumgeuza mgonjwa. Alianza kukanda akiwa na kisirani. Mikono hii ni yako, unga huu, moto huu, watakaokula. Tusiaibike. Harage. Pa! Mikono hii. Unga huu, moto huu, watakaokula. Tusiaibike. Pa! Safari hii mzee alikuwa anapiga kwa nguvu, kiti chote kinatetemeka.

Mama Tanuri akaliinua donge, akalibamiza mezani, akamgeukia.

"Sema basi! Kila siku pa, pa, pa! Unataka nini? Sema!"

Kitinda alisimama mlangoni akiwa na vibati vya mikate amevikumbatia. Hata kuku uani walikuwa kama wamesikia. Mkandaji alimtazama mkewe, na macho yake hayakuwa na utani hata kidogo. Midomo ilicheza upande mmoja. Ikatoka aa.

Mama Tanuri aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kumwambia asiyesema, sema. Hakujua aombe radhi kwa maneno gani, na kwa kuwa hakujua, alirudi kwenye donge, akaanza upya, kwa sauti ya juu, machozi yakimtiririka na mikono imejaa unga hawezi kuyafuta.

"Bwana, mikono hii ni yako. Unga huu ni wako. Moto huu ni wako. Watakaokula unawajua." Kilio kikamzidi, akashindwa kuruka, akasimama pale pale ukingoni mwa shimo.

"Utakaloleta leo, tumelipokea."

Vibati vikaanguka chini vyote kwa pamoja.

Sauti ilikuwa ya kiume, nzito, inaburuza mguu kidogo kwenye maneno, lakini ilikuwa yake. Ilikuwa ile ile iliyopita ukutani asubuhi zote zile.

Mama Tanuri alimrukia na mikono yake ya unga, akamshika mashavu. "Sema tena! Niite. Mume wangu, niite mara moja. Sema maji. Sema chochote!"

"Aa," akasema Mkandaji. Alikuwa anatoa jasho. "Aa."

"Baba, sema Kitinda!"

"Aa."

Walijaribu mpaka wakachoka. Mwishowe Mama Tanuri alirudi mezani, akaanza sala kutoka mwanzo, polepole, akimtazama. Alipofika kwenye watakaokula unawajua, akafunga mdomo makusudi. Mkandaji akavuta pumzi kama mtu anayeinua gunia, akaisema ile sentensi yote, kisha akapiga kiganja juu ya kiti: pa. Ndipo mkewe alipoelewa kile kiganja kilikuwa kinataka nini siku zote zile. Hakutaka maji. Hakukuwa na nzi.

Habari ya namna hiyo haikai uani. Kabla mikate haijatoka, Mama Redio alikuwa amefika na kina mama wanne na kilemba kimekaa upande.

"Amefunguka! Nilisema mimi! Nilisema siku ya mfungo kwamba nimesikia kitu kikikatika!" Akapiga magoti mbele ya kiti. "Mzee wangu, sema Haleluya."

Mkandaji alimtazama kwa upole. "Aa."

"Sema Yesu."

"Aa."

"Labda anaona haya, sisi ni wengi," mmoja wa kina mama akanong'ona.

"Huyu? Huyu aone haya?" Mama Redio akageuka. "Alinitania mpaka kwenye msiba wa shangazi yangu."

Muuguzi aliyekuwa akija kumfanyisha mazoezi aliwakuta hapo. Alisikiliza, akamtaka Mama Tanuri aanze sala, akasikia mwenyewe. Akawaeleza bila makuu kwamba mambo hayo hutokea. Maneno ya kutunga papo kwa papo hukaa mahali pamoja kichwani, na yale yaliyosemwa maelfu ya mara, kama wimbo au sala, huweza kubaki mahali pengine. Pa kwanza pakiharibika, pa pili huenda pasiguswe. Haina maana kwamba ataanza kuongea. Huenda akaongea, huenda asiongee.

"Kwa hiyo si muujiza?" Mama Redio aliuliza, uso umemshuka.

"Mama, mimi nimesema kichwa kinavyofanya kazi. Hayo mengine ni ya mchungaji wenu."

Kina mama waliondoka taratibu, kama watu waliokwenda harusini wakakuta imeahirishwa. Walinunua mikate lakini.

Mama Tanuri hakusikitika kama wao, na hilo lilimshangaza. Mchana ule, wateja wakiwa wamepungua na Kitinda amekwenda kutafuta kuni kavu, alileta beseni la maji ya vuguvugu akakaa kwenye kigoda akimwosha mumewe unga aliompaka mashavuni. Alikuwa anakumbuka sharti lake. Siku atakayofungua kinywa. Basi kinywa kilikuwa kimefunguka. Angeweza kusema hiyo haihesabiki. Alitaka aitwe jina, alitaka kuulizwa chai iko wapi, alitaka utani wake. Alikuwa amepewa ile ile sentensi aliyoikataa.

Alikikamua kitambaa. Alifikiri hivi: aliyepigwa ni huyu. Kinywa ni chake kilichoibiwa, mkono ni wake uliokufa. Mimi nimesimama mlangoni nikakataa mzigo kwa niaba yake, na yeye hakunituma. Amekaa kwenye kiti hiki siku zote hizi akinipigia kiganja, nami namuuliza habari za nzi.

"Wewe," akamwambia. Alijua kwamba kwa maswali ya ndiyo na hapana walikuwa wanasikilizana. "Nikuulize kitu, unijibu kweli. Hujamkasirikia Mungu?"

Alitegemea atikise kichwa, hapana, kama watakatifu wa kwenye mahubiri. Mkandaji alifikiri. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaupunga hewani, huku na huku, kama kusema nusu nusu.

Mama Tanuri akaacha kumwosha. "Umekasirika?"

Akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Sana?"

Mkono ukapepea: kuna siku.

"Na bado unasema tumelipokea?"

Ndiyo. Akaitikia mara nyingi, kwa haraka, kama mtu aliyefurahi kwamba mwanafunzi mgumu hatimaye ameshika.

Mama Tanuri akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika, na mumewe akacheka naye kwa nusu ya uso wake. Alikuwa amedhani muda wote kwamba sentensi ile ni ya watu waliotulia, na kwamba kuisema akiwa na uchungu ni kumwongopea Mungu. Kumbe mtu angeweza kuwa na vyote viwili ndani, uchungu na ile sentensi, na Mungu akavisikia vyote. Hakuna aliyekuwa amemwambia asifie alicholetewa. Sala yenyewe haikusema tumelipenda.

Asubuhi yake aliisema. Haikutoka vizuri, ilitoka na kikohozi ndani yake. Kiti kilinyamaza. Alisukuma, akakunja, akageuza, akamaliza ya sita, akatupa harage. Kikombe kilipobaki na maharage mapya tu, Kitinda aliyekuwa uani alichungulia mlangoni.

"Mama, hayo ya ziada niyatoe?"

"Yatoe. Yapike."

"Yameshikwa na mikono ya unga wiki ngapi, mama!"

"Basi wape kuku. Unataka nikuchagulie na kuku?"

Sisemi kwamba mambo yakawa mepesi. Masika yaliyofuata yaliangusha nusu ya mdomo wa tanuri, wakaoka kwa shida mpaka fundi wa matofali alipopatikana. Mkandaji alijaribu maneno mengine akashindwa, akaacha kujaribu. Kulikuwa na asubuhi ambazo Mama Tanuri aliisema sentensi ile kwa meno yaliyobana, na nyingine ambazo hakuweza kabisa, akanyamaza, na mumewe akaisema peke yake kutoka kwenye kiti, naye akasukuma donge juu ya sauti hiyo. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kisha Mkandaji akaanguka tena, na safari hii hata sentensi ile ilimpotea. Ilipofika zamu yake alikuwa anainua kiganja cha kushoto tu, anakishikilia hewani mpaka mkewe amalize kuisema kwa ajili ya wote wawili.

Alifariki mchana mmoja wa kawaida, amekaa kwenye kiti chake, unga ukiwa umefunikwa unaumuka. Wakamzika. Mama Redio alilia kuliko wote, akawasimulia waombolezaji namna marehemu alivyomtania kwenye msiba wa shangazi yake.

Matanga yalipokwisha, Mama Tanuri alifunga kilemba akaingia kwenye chumba cha mikate. Kiti kilikuwa bado pale karibu na mlango. Kitinda alitaka kukiondoa, akaambiwa akiache. Akatoka uani kuwasha moto, lakini hakupuliza kwa nguvu. Alitega sikio ukutani.

Akamsikia mama yake akimimina maharage. Akamsikia akianza. Mikono hii ni yako. Unga huu ni wako. Moto huu ni wako. Watakaokula unawajua.

Kukawa kimya. Kitinda alishikilia ukuni mkononi, hakuutia. Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba moto uliokuwa umeshika ulianza kufifia, na alifikiri, leo mama ameshindwa, na nani atamlaumu.

"Utakaloleta leo," mama yake alisema upande wa pili wa ukuta. Akapenga kamasi. "Tumelipokea. Tusiaibike mbele yako wala mbele ya watu."

Harage likaanguka kwenye kisahani. Kitinda akatia ukuni.